Chungu cha Mzazi: Siku Saba Kibokoni

Jumamosi

Mdogo wangu alijifungua mtoto wa kike jana kabla ya adhuhuri, na leo asubuhi nimepanda treni Nairobi kuja Mombasa kumhudumia. Shule zimefungwa, mimi ni mwalimu wa sayansi kimu, na katika familia yetu ndimi ninayetumwa panapohitajika mtu wa kukaa jikoni. Katika mizigo yangu nimetia sufuria ya presha, kwa sababu siku arubaini za mzazi ni siku za vyakula vya kuchemshwa kwa muda mrefu: supu, uji, mbaazi, nyama inayoachana na mfupa bila kisu. Niliamini kwamba naleta msaada mkubwa kuliko wote.

Treni ilipokuwa ikiteremka kuelekea Voi nilikumbuka somo ambalo huwafundisha wanafunzi kila mwaka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa karibu na nyuzi 95 tu, ilhali Mombasa huchemka yanapofika nyuzi 100. Sufuria ya kawaida haivuki kiwango hicho hata ukiizidishia makaa namna gani. Ndiyo maana maharagwe yaleyale yanayotuchelewesha Nairobi huiva mapema zaidi yakiinjikwa pwani. Kwa hiyo mpishi wa Mombasa anayekaa na chungu nusu ya siku, mara nyingi hakulazimishwa na maji, amechagua mwenyewe.

Nyumba ya wakwe zake iko Kibokoni, katika Mji wa Kale, na jiko liko uani, penye seredani tatu zilizopangwa kando ya ukuta mweusi kwa moshi. Mavyaa wake amepita miaka sabini. Wajukuu humwita Bibi, nami humwita mama. Nilimwamkia, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza hali za nyumbani mmoja mmoja kwa jina. Alipoiona sufuria ya presha aliupapasa mfuniko wake, akasema, "Nzuri hii, mwanangu. Iweke pale, tutaitumia." Kisha akarudi kwenye kibao chake, kando ya uji wa pilipili manga wa mzazi, akaendelea kuukoroga bila haraka yoyote.

Jumapili

Leo ni bokoboko. Ngano iliyokobolewa ililowekwa tangu jana jioni, na baada ya sala ya alfajiri mama aliiosha mara tatu, akaiinjika pamoja na nyama ya shingo yenye mifupa, chumvi, vijiti viwili vya mdalasini na hiliki chache. Moto ulikuwa mkali hadi chungu kikatokota na povu likaenguliwa lote. Hapo akayapunguza makaa, akabakisha machache, akafunika. Kwa muda wa saa nne zilizofuata hakuna kilichotokea ambacho mgeni angeweza kukiona. Mama alibadilisha nafasi ya makaa kwa koleo, aliongeza maji ya moto mara mbili, na kila alipopita aliinamisha sikio karibu na mfuniko.

Karibu saa tano alitoa mifupa mmoja baada ya mwingine kwa upawa, akiukagua kila mmoja ili kisibaki kipande chochote kigumu cha kumsumbua mzazi. Kisha akaushika mwiko mrefu kwa mikono miwili na kuanza kusonga, na baada ya muda akanipisha. Mwanzoni mwiko hupita kwa urahisi, na ngano na nyama bado ni vitu viwili. Baada ya robo saa nyuzi za nyama huanza kujisokota ndani ya ngano, mchanganyiko hushikana, na ukiuinua mwiko unafuatwa na utando mrefu unaovutika kama ulimbo kabla ya kukatika. Wakati huo mabega yamekwisha kuuma. Mama aliunyoshea kidole utando ule. "Ukikatika upesi, bado. Ukivutika ukafika hapa," akagusa kifua chake, "umeiva." Nimefundisha mapishi kwa miaka mingi, na kipimo hicho sijawahi kukikuta kitabuni.

Chakula hiki kina ndugu wengi. Waarabu hukiita harisi, na mwaka 2023 UNESCO iliutia ujuzi wa kukipika katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika, kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Omani na Saudia. Ndugu yake wa Uturuki, keşkek, ambaye hupikwa kwa masufuria makubwa arusini na kusongwa na watu wengi kwa zamu, alitangulia kuingia katika orodha hiyo mwaka 2011. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10 tayari kinaeleza ngano na nyama zikipikwa pamoja hadi zishikane. Huko Kashmir watu hukila asubuhi za baridi kali. Huko Hyderabad kimegeuka kuwa haleem, kikaongezewa dengu na viungo vingi, kikawa chakula cha kufuturia. Jina hilo la haleem halikunihitaji kwenda mbali. Alasiri jirani wa mlango wa tatu, mama mwenye asili ya Kihindi, alileta bakuli la haleem lililopambwa kwa tangawizi mbichi, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa rangi ya kahawia, na ndimu. Bakuli lake lilirudi na bokoboko yetu, iliyotiwa samli na sukari. Nililionja la kwake na la kwetu nikiwa nimesimama mlangoni: moja ni kali na chachu, jingine ni tulivu kama maziwa, na chini ya yote mawili kuna ulaini uleule usioweza kupatikana kwa nusu saa.

Usiku nilikaa na mdogo wangu akimnyonyesha mtoto. Nilimuuliza kama chakula kilimkaa vizuri. Alisema kimemkaa, kisha akaongeza jambo ambalo bado naliwaza. "Dada, mimi hata kabla sijala huwa nimeshatulia. Nikizinduka usiku namsikia mama na chungu chake, mfuniko unagonga kidogokidogo, najua kuna mtu yu macho kwa ajili yangu."

Jumatatu

Tulikwenda Marikiti mapema kununua viungo, kisha bucha kutafuta makongoro. Mama alichagua miguu ya mbele, akaomba ichomwe manyoya vizuri na kukatwa vipande vinne vinne.

Hapa nilipewa nafasi ya kutumia sufuria yangu. Miguu ya ng'ombe haina nyama ya kusifika. Ina ngozi, kano na gegedu, vitu vilivyoshikwa na kolajeni, ambayo huanza kulegea na kugeuka jelatini joto likifika nyuzi 70 hivi, lakini kwa taratibu sana, na ndiyo maana kwenye seredani supu hiyo huchukua saa nne au tano. Mvuke uliofungiwa chini ya presha hufika karibu nyuzi 120, na kazi ileile inakwisha kwa muda usiofika saa moja na nusu. Supu yangu ilitoka nzito, yenye kunata midomoni kama inavyotakiwa. Mama aliinywa, akaisifu kwa dhati, akaomba nyingine. Sitaki basi kuandika kwamba kifaa kile ni kibaya, maana mwenye kutoka kazini saa kumi na mbili jioni na watoto wakamngoja hana saa tano za kumpa mguu wa ng'ombe.

Upungufu wake nilioutambua ni huu: ukishafunga huwezi kuonja. Huwezi kuengua povu la pili, huwezi kujua chumvi imefikia wapi, na viungo vyote hutiwa kwa kukisia. Mpishi anatolewa nje ya chakula chake hadi mvuke utoke.

Lakini jioni hiyo niliona jambo jingine, zito zaidi. Mama alikuwa ameinama kupuliza makaa mabichi, akakohoa kikohozi kirefu, akafuta macho kwa ncha ya leso, akaendelea. Gunia la mkaa lililoletwa siku ile ya kujifungua lilikuwa limebaki robo. Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018 bei ya mkaa ilipanda sana, na tangu hapo, anasema mama, haikurudi pale ilipokuwa. Utamu wa kupika polepole una mtu anayeulipia kwa mapafu yake, na kwa kawaida mtu huyo ni mwanamke. Ni lazima jambo hilo lisemwe na wote tunaosifu vyungu vya bibi zetu.

Jumanne

Nilivuka feri kwenda Likoni kumtembelea mwalimu mwenzangu wa zamani, Mkamba wa Machakos aliyeolewa pwani. Nilimkuta uani na muthokoi: mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu kwa maji kidogo hadi maganda yakatoka, yakapikwa na maharagwe kwa kuni juu ya mafiga matatu tangu asubuhi. Tulikula saa tisa alasiri, bila nyama, bila nazi, vitunguu na nyanya tu. Yeye husema kwamba kila anapokula muthokoi ananusa moshi wa nyumba ya mama yake, hata akiupika kwa gesi.

Nilimweleza habari ya kikohozi cha mama. Akanitazama, akaniuliza kwa nini mwalimu wa sayansi kimu anaomba ushauri juu ya jambo lililomo katika madaftari yake mwenyewe. Alikuwa na haki. Nilirudi na feri ya magharibi nikijua cha kufanya.

Jumatano

Kikapu cha kupikia bila moto nimekifundisha kwa miaka mingi, na sikuwahi kukitegemea kwa mlo wa mtu ninayempenda. Kanuni yake haina siri. Chakula kinachotokota kina joto la kutosha kumalizia kuiva. Kinachokipoteza joto hilo ni hewa inayopita pembeni. Ukiuzuia upepo, huhitaji moto. Zamani Wazungu walitumia sanduku lililojazwa nyasi kavu, na Uingereza ililihimiza sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kuokoa makaa ya mawe. Mayahudi nao, ambao sheria ya dini yao inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, kwa karne nyingi wameinjika chungu cha nyama, maharagwe na nafaka kabla ya jua la Ijumaa kutua, na katika miji ya Ulaya walikuwa wakikipeleka kwenye tanuri la mwokaji mikate lenye joto la kubaki, wakakichukua kesho yake baada ya ibada kikiwa bado cha moto. Katazo lilizaa chakula.

Mimi nilichukua kapu kubwa la ukili, nikalitandika leso mbili kuukuu, nikalijaza vitambaa vya mshonaji jirani pembeni na chini, nikaacha shimo la kukaa sufuria na kushona mto wa kufunika juu. Nilianza na maharagwe mekundu. Hapa nilimweleza mama jambo moja bila kulegeza: maharagwe hayo yana lektini, sumu inayosababisha kutapika na kuharisha, na joto dogo haliiondoi. Ni lazima yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kuingia kapuni. Tuliyachemsha kwa dakika 20.

Baada ya saa tano nilifungua, na maharagwe yalikuwa vuguvugu na magumu katikati. Nilinyamaza kwa muda. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa wazi: nilitumia sufuria kubwa yenye chakula kidogo, na nusu yake ilikuwa hewa. Chakula kingi hutunza joto, kidogo hulipoteza. Zaidi ya hayo, chakula kilichopoa hadi kuwa vuguvugu ni mahali pa vijidudu kuzaana, kwa hiyo hayakufaa kurudishwa kapuni. Tuliyamalizia palepale kwa moto mkali hadi yakaiva. Mama hakunilaumu. Alilipiga kapu konzi mbili tatu kama anayepima nazi, akatia mkono ndani, akasema, "Joto limo, mwanangu. Chakula chako ndicho kidogo." Jioni alinitolea chungu chake mwenyewe, kinachokaa sawasawa na kapu.

Hata hivyo nililala na wasiwasi wa namna nyingine. Kapu halina sauti. Mfuniko haugongi.

Alhamisi

Leo ni siku ya saba, siku ya akika. Mtoto amenyolewa nywele na kupewa jina la bibi yake wa kikeni, na amechinjiwa mbuzi mmoja, kwa kuwa ni wa kike. Angekuwa wa kiume wangekuwa wawili. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na watu wengi wa pwani, hupendelewa mifupa ya akika isivunjwe, nyama itenganishwe kwenye viungo, na ipikwe na kitu kitamu kwa kumtarajia mtoto tabia tamu. Nilikuwa nikiijua hukumu hiyo, na leo nimeielewa kijikoni. Bega zima na paja zima haviivi kwa haraka. Sheria ya kutovunja mfupa ni sheria ya kupika polepole pia, na watu wanaokuja kula hukutana kwanza kungoja.

Wapishi wa kiume waliinjika sufuria kubwa za pilau barabarani, upande wa kivuli. Viungo vya mbuzi vilichemka kwanza peke yake hadi nyama ikaanza kurudi nyuma kutoka kwenye ncha za mifupa, kisha mchuzi wake ukapewa mchele. Maji yalipokauka walifunika, wakatoa kuni zote chini, wakapakia makaa juu ya mfuniko, wakaziacha hivyo. Ule ndio wakati ninaoupenda katika mapishi yetu yote. Moto unahamia juu, kelele inakatika, wanaume waliokuwa wakipaaza sauti wanakaa kwenye baraza, na harufu ya bizari nzima, karafuu na vitunguu vilivyoungua kidogo inaanza kutembea kichochoroni nyumba kwa nyumba.

Katika kungoja huko mzee mmoja mwenye asili ya Omani alitusimulia shuwa, chakula cha Idi cha nchi ya babu zake. Nyama hupakwa viungo na siki, hufungwa kwa majani ya migomba, hutiwa katika vikapu vya makuti, kisha hufukiwa ndani ya shimo lenye makaa kwa siku nzima, au mbili. Shimo ni moja kwa watu wengi, na kila nyumba hutia alama kwenye furushi lake ili ilitambue siku ya kulifukua. Nilimweleza nami habari za Marrakech, ambako mtu huijaza nyama na ndimu iliyowekwa chumvi katika mtungi mrefu wa udongo, akampelekea mwenye kuchochea moto wa hamamu, naye huufukia katika jivu la tanuri linalowapashia maji waogaji. Mzee alifurahi sana. "Basi huko anayeoga na anayekula moto wao ni mmoja," akasema, akaomba nirudie jina la mji.

Sisi jikoni tulikuwa na kazi yetu. Mama alitaka mzazi naye apate kitu kitamu cha akika, kwa hiyo kifua cha mbuzi kiliingia katika bokoboko ya kesho. Baada ya isha, wageni walipoondoka, tuliinjika ngano na nyama, tukazichemsha kwa nguvu kwa zaidi ya nusu saa, chungu kikiwa kimejaa hadi shingoni, tukakitia kapuni kikiwa bado kinatokota, tukafunga mto juu yake kwa leso ya tatu na mafundo mawili. Seredani zikazimwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike kuuona ua ule ukiwa giza mapema hivyo.

Nilidhani mama angekwenda kulala. Aliketi. Alivuta kibao chake karibu na kapu, akaniwekea mkeka, akaanza kunieleza mambo ambayo siku zote sita moshi na kupuliza havikumpa nafasi ya kuyasema: jinsi alivyolishwa yeye mwenyewe alipojifungua mume wa mdogo wangu, nani aliyemsongea, na jinsi mama yake alivyokuwa akivuka kutoka Likoni na chungu kichwani kilichofungwa kwa nguo ili kisipoe. Alisimama hapo kidogo, akalitazama kapu. "Kumbe hata yeye alijua," akasema. Tuliongea kwa sauti ya chini hadi saa saba usiku. Mara mbili mtoto alilia chumbani, na mara mbili alinyamaza.

Ijumaa

Kabla ya alfajiri mama alinitangulia uani. Nilimkuta amechuchumaa, anafungua mafundo taratibu, la kwanza kisha la pili, na aliponyanyua mto mvuke ulipanda ukamfunika uso, akaucheka. Tulikirudisha chungu motoni, tukakiacha kitokote vizuri, naye akasonga. Kazi iliyokuwa ya saa nzima siku ya Jumapili ilimalizika kwa dakika zisizofika 20, kwa kuwa ngano ilikuwa imekwisha kulegea yenyewe usiku. Aliuinua mwiko. Utando ulivutika ukafika kifuani.

Mdogo wangu alikuwa macho nilipompelekea sahani, samli ikiwa bado inatembea juu yake. Nilimwomba radhi kwa kuwa jana usiku hakukuwa na sauti ya chungu. Hakuonekana kuelewa nilichokuwa nikikiombea radhi.

"Niliwasikia," akasema, akamhamishia mtoto mkono wa kushoto ili apate kula. "Mlikuwa mnaongea habari za Likoni."